Kapteni Anajibia Nini?

Kila mara chombo kinapozama ziwani kwetu, swali la kwanza la watu ni lilelile. Hawaulizi kwanza: upepo ulitoka upande gani? Hawaulizi: nani aliamuru mizigo ipakiwe kupita kiasi? Wanauliza: nahodha ni nani, naye yuko wapi? Akiwa amekufa pamoja na abiria wake, wanasema, amelipa. Akiwa mzima, wako wanaotaka kumpiga hata kabla ya kusikia neno lake.

Jioni moja, baada ya mafundisho, kijana mmoja alitujia na swali hili: "Mwalimu, yawezekana mtu kulaumiwa kwa haki kwa ajili ya jambo ambalo hakulitenda?" Tulimjibu upesi: La, haiwezekani. Naye akacheka kidogo, akasema: "Basi mbona nahodha?" Tukanyamaza. Jibu letu la upesi halikutosha. Tangu siku ile tumelifikiri jambo hilo, tukasoma habari za watu wa bahari, na leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu yale tuliyoyaona.

1. Jina na cheo

Neno "kapteni" lina ukoo mrefu. Mzizi wake ni neno la Kilatini, caput, yaani kichwa. Kwetu Kongo neno hilo liliingia zamani kwa midomo ya Wareno, likawa "kapita". Wazee wetu wanamkumbuka sana kapita: msimamizi wa watu barabarani, shambani, machimboni. Watu wa pwani nao wana neno "nahodha", walilolipata kwa Waajemi, na maana yake ni bwana wa chombo. Kichwa, tena bwana: hayo mawili yamo ndani ya jina.

Lakini msomaji asichanganye kapteni wa nchi kavu na kapteni wa bahari. Katika jeshi la nchi kavu kapteni ni ofisa wa chini kidogo, aongozaye askari mia au zaidi. Juu yake wako meja, luteni-koloneli na koloneli. Katika jeshi la wanamaji sivyo. Huko kapteni ni cheo kikubwa, sawa na cha koloneli, na juu yake wamebaki makomodori na maadmirali tu. Ndiyo sababu Wafaransa na Wabelgiji humwita "kapteni wa merikebu", ili asidhaniwe kuwa yule wa nchi kavu. Tena iko desturi nyingine: ofisa yeyote aliyekabidhiwa manowari, hata kama cheo chake ni cha chini, watu wake humwita kapteni. Basi jina hilo ni cheo, na tena ni kazi.

Na kazi yenyewe ni kazi gani? Manowari kubwa ni kama mji. Ina wapishi, mafundi wa mitambo, waganga, ghala, mizinga, hata chumba cha kufungia wakosaji. Lakini mji huu unaelea, na adui anautafuta. Hatari ikija usiku, hakuna nafasi ya kuitisha mkutano wa wazee ili kila mmoja atoe shauri lake. Wahenga walisema: manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kwa hiyo sheria ya wanamaji humpa mtu mmoja amri juu ya yote; na kwa kuwa imempa yote, inamdai yote. Ofisa wa zamu akiipeleka meli juu ya mwamba saa tisa ya usiku, kapteni akiwa amelala, atakayeitwa asubuhi ni kapteni. Wanamaji husema kwamba kazi yaweza kugawanywa, lakini kujibia hakugawanywi.

Sheria hiyo ni ngumu, lakini tunaiona kuwa ina akili. Mtu ajuaye kwamba atajibia hulala kwa jicho moja. Hata hivyo sheria njema yaweza kutumiwa vibaya. Hilo ndilo tunalotaka kuonyesha kwa habari ya mtu mmoja.

2. Habari ya Kapteni McVay

Mwezi wa Julai 1945 vita kati ya Marekani na Ujapani ilikuwa inakaribia mwisho wake. Manowari moja ya Wamarekani, iitwayo Indianapolis, ilichukua vipande vya bomu la atomiki, ikavifikisha kisiwani Tinian tarehe 26 Julai. Vilikuwa vya bomu lile lililotupwa Hiroshima siku chache baadaye. Kapteni wake aliitwa Charles Butler McVay. Kisha aliamriwa kwenda Guam, na kutoka Guam kuelekea Leyte, katika visiwa vya Filipino.

Huko Guam aliomba apewe meli ndogo ya kumsindikiza, maana Indianapolis haikuwa na vyombo vya kutambua nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji. Alinyimwa, akaambiwa haihitajiki. Wakubwa wengine walijua kwamba nyambizi za Ujapani zilikuwa njiani mle, kwa maana walikuwa wamezifumbua herufi za siri za adui. Walijua pia kwamba tarehe 24 Julai meli nyingine ya Marekani, Underhill, ilikuwa imezamishwa. McVay hakuambiwa habari hizo. Siri ilifichwa ili Wajapani wasitambue kwamba maneno yao yanasomwa.

Iko njia ya kujilinda na nyambizi: meli haiendi moja kwa moja, bali hupindapinda kama nyoka, ili adui ashindwe kulenga. McVay alipewa amri kwamba apindepinde kwa kadiri aonavyo vema mwenyewe. Jioni ya tarehe 29 Julai mawingu yalitanda, macho hayakuona mbali. Aliagiza waache kupindapinda, na hali ya hewa ikibadilika wamwamshe. Kisha akaenda kupumzika.

Karibu na saa sita ya usiku mawingu yalifunguka na mwezi ukaangaza. Mbele yao ilikuwako nyambizi ya Kijapani, namba I-58, chini ya ofisa Mochitsura Hashimoto. Alitupa torpedo sita, mbili zilipiga. Kwa dakika kumi na mbili manowari ile kubwa ilikwenda chini. Ndani yake walikuwamo watu 1,195. Kadiri ya 300 walizama nayo. Wengine, karibu 900, walibaki majini, wengi wao bila mashua, kati ya mafuta yaliyomwagika, jua kali, kiu na papa.

Wasomaji watasema: bila shaka kesho yake walitafutwa. La! Meli ilipokosa kufika Leyte, hakuna aliyeuliza. Ilikuwako amri kwamba kufika kwa manowari kusitangazwe. Watu wa bandarini wakaifahamu amri hiyo kana kwamba hata kutofika kusisemwe. Wanamaji wale walikaa majini siku nne. Tarehe 2 Agosti ndege moja iliyokuwa inapita kwa kazi nyingine iliwaona kwa bahati. Waliookoka ni 316 tu, na kapteni alikuwa mmoja wao.

Mwezi wa Desemba mwaka uleule McVay alisimamishwa mbele ya mahakama ya kijeshi huko Washington. Mashitaka yalikuwa mawili: kwamba hakutoa kwa wakati amri ya kuiacha meli, na kwamba aliiweka meli hatarini kwa kutopindapinda. Jambo la kushangaza, wakubwa walimleta Hashimoto mwenyewe kutoka Ujapani awe shahidi. Naye adui huyo alisema kwamba hata kama meli ingalipindapinda, angaliipiga. Ofisa mmoja wa nyambizi za Marekani naye alishuhudia kwamba kupindapinda kusingalifaa sana. Hata hivyo, shitaka la kwanza lilipoanguka, la pili lilisimama. McVay alihukumiwa kuwa mkosa.

Marekani ilipoteza manowari mamia katika vita ile, lakini yeye peke yake kati ya makapteni wao alishitakiwa kwa sababu adui alizamisha meli yake. Adhabu, yaani kurudishwa nyuma katika orodha ya kupanda cheo, iliondolewa mwaka 1946, lakini hukumu ilibaki. Maofisa wengine wa nchi kavu waliandikiwa barua za kuwakemea, na baadaye barua hizo zilifutwa. Hukumu ya kapteni haikufutwa. Alistaafu mwaka 1949. Kwa miaka mingi watu waliofiwa walimwandikia barua za uchungu, wakimwambia kwamba yeye ndiye aliyewaua watoto wao. Mwezi wa Novemba 1968 alijiua nyumbani kwake. Hapo hatutaki kumhukumu. Tunainamisha kichwa tu.

3. Tutofautishe maneno mawili

Seminarini walimu wetu walitufundisha jambo moja ambalo halijatutoka: kabla ya kubishana, tofautisha. Ugomvi mwingi huanzia hapo, neno moja linapobeba maana mbili.

Katika swali la yule kijana yamo maneno mawili. La kwanza ni kujibia. La pili ni kukosa.

Tuchukue mfano wa kijijini. Mtoto anavunja mtungi wa jirani. Jioni baba yake anavaa shati, anakwenda kwa jirani, anaomba msamaha, analipa. Je, baba amevunja mtungi? Hapana. Je, afanya vema kwenda? Ndiyo, na asipokwenda watu watamdharau. Amejibia bila kukosa. Lakini kesho yake wanakijiji wakianza kumwita "mvunja mitungi", wakamtoza faini ya mvunja mitungi, hapo wamesema uongo. Wamechukua heshima yake, ile ya kujibia, wakaigeuza kuwa aibu.

Kujibia hutoka katika cheo. Kukosa hutoka katika moyo. Ili mtu awe na hatia, yapasa awe alijua na awe alitaka, au awe alizembea kujua yale aliyopaswa kuyajua. Dhamiri ya mtu hupimwa kwa mambo yaliyokuwa mbele ya macho yake, wala si kwa mambo waliyomficha wengine. McVay alipewa ruhusa ya kuamua. Akaamua kwa kadiri ya mawingu aliyoyaona na kwa kadiri ya habari aliyokuwa nayo. Mtu aweza kusema kwamba angaliamua vingine, na labda kapteni mwingine angaliendelea kupindapinda. Lakini kati ya kuamua vingine na kuwa na hatia ya vifo mamia liko bonde kubwa.

Je, hakuwa na la kujibia? Alikuwa nalo, na alilijibia. Meli ilikuwa mikononi mwake, naye hakulikana hilo mbele ya mahakama. Kusimama, kueleza yote kwa kweli, kukutana na waliofiwa, kukubali kwamba jina lake litatajwa pamoja na msiba huo maisha yake yote: huko ndiko kujibia, na ni mzigo wa kutosha kwa mtu mmoja. Hakuna sababu ya kumwekea juu yake mzigo wa watu wengine.

Tena tukumbuke upande wa pili, maana wako wanaokimbia mzigo wao wenyewe. Mwezi wa Januari 2012 meli ya abiria Costa Concordia, wala si manowari, ilipiga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, na watu 32 walikufa. Kapteni wake, Francesco Schettino, alikuwa ameipeleka karibu mno na kisiwa, kisha akaiacha wakati wengi walikuwa bado ndani. Mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 16. Huyo alikosa, na tena alikataa kujibia. Tukiwaita yeye na McVay kwa jina moja, "makapteni waliopoteza meli", tumesema kweli kwa ulimi na uongo kwa akili.

4. Mapingamizi mawili

Mtu wa kwanza atasema: "Sheria ya bahari lazima iwe kali. Hata ikimwumiza mmoja asiye na kosa, wengine wote watakuwa waangalifu." Hoja hiyo tunaijua, ni ya zamani sana, na wasomaji wetu wanakumbuka nani aliitoa mbele ya baraza la Yerusalemu. Twajibu hivi: ukali ni mwema unapomtisha mzembe. Lakini ukimpiga asiye na kosa kama unavyompiga mzembe, watu hawajifunzi uangalifu. Hujifunza kwamba uangalifu haufai kitu, na kwamba yafaa zaidi kujua nani wa kumtupia lawama. Kapteni wa kesho hatalilinda lindo lake tena, atalinda makaratasi yake.

Mtu wa pili atasema: "Mkianza kuhesabu wote waliohusika, yule aliyenyima msindikizaji, yule aliyeficha habari, yule aliyeona meli haifiki akanyamaza, mwishowe hakuna atakayejibia. Kosa la wote ni kosa la mtu hakuna." Pingamizi hili lina nguvu zaidi, maana tumeliona hata kwetu, ambako baraza zima hujificha nyuma ya neno "tulikubaliana". Lakini mwenye kusema hivyo anadhani kujibia ni kama mkate: wakila wengi, kila mmoja apata kipande kidogo. Sivyo. Kapteni ajibie meli yake, yote. Mkubwa wa bandari ajibie bandari yake, yote. Aliyefumba mdomo, hata kama alikuwa na sababu nzito ya kufumba, ajibie ukimya wake, wote. Wala jibu la mmoja halipunguzi la mwenzake. Kilichoharibika Washington si kwamba kapteni aliitwa. Kilichoharibika ni kwamba, baada ya kumwita, walifunga mlango.

Tena kuna jambo la kutazama kwa moyo wa huruma: wale waliofiwa. Mama aliyepoteza mtoto baharini hawezi kukasirikia "ofisi" au "amri iliyofahamika vibaya". Uchungu hutafuta uso. Wakubwa walimpa uso mmoja, naye akauandikia. Kosa lake yule mama ni dogo. Kosa lililo kubwa ni la wale waliojua zaidi, wakamwacha aendelee kuandika.

5. Yaliyofuata, na yanayotuhusu

Wanamaji waliookoka hawakunyamaza. Walipofanya mkutano wao wa kwanza mwaka 1960 katika mji wa Indianapolis, walimwalika kapteni wao. Aliogopa kwenda, kisha akaenda, nao wakampokea kwa heshima ya kijeshi. Fikirini, wasomaji: waliokuwa na haki kubwa kuliko wote ya kumlaumu, wale waliokaa siku nne majini, ndio waliompigia saluti. Tangu hapo hawakuchoka kudai asafishwe jina. Mwaka 1999 Hashimoto naye, ambaye zamani alikuwa adui, aliwaandikia wakubwa wa Marekani kumtetea. Mwezi wa Oktoba 2000 Baraza la nchi lilitoa azimio kwamba McVay hapaswi kubeba lawama ya msiba ule, na Rais Clinton akalitia sahihi. Mwaka 2001 jeshi la wanamaji likaandika hivyo katika faili yake. Mwaka 2017 meli yenyewe ilionekana chini ya bahari, zaidi ya meta 5,000 kwenda chini. Lakini McVay alikuwa amekufa tangu miaka mingi. Haki iliyochelewa huwafaa walio hai; maiti haisomi barua.

Na sisi, tusio na manowari? Tumetaja kapita. Wazee wanatusimulia jinsi kapita wa pamba alivyoitwa peke yake mizani ilipopungua. Si yeye aliyeweka kipimo, si yeye aliyezuia mvua. Lakini yeye ndiye aliyepigwa kelele, naye akarudi kijijini akawapiga walio chini yake. Hivyo ndivyo lawama isiyo ya haki inavyotembea: haikai mahali ilipotupwa, hushuka, mpaka imkute asiye na mtu chini yake. Siku hizi kapita ana majina mengine: mkuu wa shule, mweka hazina wa ushirika, mganga wa zahanati, dereva wa lori. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kando huuona mwepesi.

Basi, ndugu wasomaji, siku moja neno litaharibika katika ukoo wetu, au kazini, au katika chama, nasi tutaketi kumhukumu kichwa wake. Siku hiyo tujiulize mambo matatu. Alijua nini wakati ule, wala si sasa? Aliomba nini akanyimwa, na nani alimnyima? Na sisi tunaomhukumu, tuna la kujibia sisi wenyewe? Swali la tatu ndilo gumu, na kwa kawaida ndilo linalosahauliwa. Mtu anayenawa mikono mbele ya watu ni lazima aulizwe kwa nini ameona haja ya kunawa.

Na wewe uliyepewa cheo, kiwe kikubwa au kidogo, usiogope kujibia. Kama umekosa, sema. Kama hukukosa, simama vilevile, ueleze yote, wala usimtafute mdogo wa kumtupia.

Yule kijana tulikutana naye tena, tukampa jibu letu jipya: Kulaumiwa kwa haki kwa jambo usilolitenda, haiwezekani. Kulijibia, yawezekana, na mara nyingine yapasa. Akafikiri, akauliza: "Na nani atawafundisha watu tofauti hiyo?" Tulitaka kusema: walimu. Kisha tukakumbuka wale wanamaji wa mwaka 1960, ambao hakuna aliyewafundisha.